Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2024

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kuna msemo ambao sote tumeusikia tangu utotoni: punda afe, mzigo ufike. Mliponichagua niliwaambia kwamba kazi ya chama hiki cha kuwatetea punda, hapa Lamu, ni kuung'oa msemo huo vichwani mwa watu. Leo nawaeleza tulipofika, na nitaanza na sogi, ile mifuko ya mzigo anayotwikwa punda mgongoni, maana huko ndiko tulikofunzwa zaidi mwaka huu.

Mwanzoni tulidhani haja kubwa ni dawa. Tukanunua dawa za vidonda, pamba na dawa ya kufukuza nzi, tukawa tunashuka gatini kila Jumamosi asubuhi, saa ambayo majahazi ya mchanga yanapakuliwa. Tunaosha vidonda, tunapaka dawa, tunarudi nyumbani roho zimetulia. Jumamosi ya pili punda ni wale wale, vidonda ni vile vile, vingine vimechimbika zaidi. Palikuwa na punda jike wa kijivu, wa kijana mmoja wa Langoni, ana donda juu ya mabega upana wa kiganja. Tulimtibu mara nne. Mara ya nne, mzee mmoja mchukuzi aliyekuwa ameketi ukutani akimtazama tu, alimwambia yule kijana, "Mwanangu, hebu lete hiyo sogi yako." Akaipindua ndani nje. Pale panapolalia mabega palikuwa na fundo la kamba ya nailoni, ukubwa wa ndimu, limekauka kwa damu na mchanga. Mzee akalishika kwa vidole viwili, akatutazama sisi wenye dawa, wala hakusema neno.

Tangu siku hiyo tumeacha kuanza na kidonda. Tunaanza na sogi. Wazee wetu walikuwa wakitandika mgongo wa punda kwa mto wa usumba uliofunikwa nguo ya pamba, na kamba zao zilikuwa za mkonge. Nailoni ni rahisi na haikatiki, lakini inakata ngozi kama msumeno. Kwa hiyo tulizungumza na kina mama wa Matondoni wanaosuka mikeka, tukawapelekea vipimo, nao wakaanza kutushonea matandiko. Siri yake ni moja: tandiko ni mito miwili, mmoja kila upande, na katikati pamewachwa mfereji ili uti wa mgongo usiguswe na kitu. Mzigo unalala kwenye nyama za mbavu, haulali kwenye mfupa. La kwanza lilishonwa pana mno, likawa linateleza punda akipanda ngazi za vichochoroni. La tatu ndilo lililokaa sawa. Yule jike wa kijivu amepona. Manyoya yamemuota tena, meupe, mahali pa donda, na ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, utamtambua kwa alama hiyo. Matandiko bado hayajatosha, na nitalirudia jambo hili nitakapofika kwenye fedha.

Uzito wa mzigo ndio ugomvi wetu wa kila siku. Punda wetu wengi hawafiki kilo 160, na punda hapaswi kubebeshwa zaidi ya theluthi ya uzito wake. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Hesabu haihitaji mwalimu: mfuko mmoja, safari moja. Mwaka huu mwenye mjengo mmoja alitaka mifuko miwili kwa kila punda, na akawa anawalipa wachukuzi kwa safari, si kwa mfuko. Tulimwendea mara mbili. Mara ya kwanza tulikwenda na sheria mkononi, maana Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumzidishia mnyama mzigo kuwa kosa, naye akatufungia mlango. Mara ya pili tulikwenda na wachukuzi wenyewe. Wao walimwambia kwamba punda akilala wiki nzima kwa donda, nyumba yao hailali na chakula. Akakubali kulipa kwa mfuko. Mimi naona hapa tumepata somo kubwa kuliko sheria yoyote: anayembebesha punda kupita kiasi mara nyingi ni yule anayelipa, si yule anayeshika kamba. Tusimalizie hasira zetu kwa kijana wa miaka kumi na sita aliyetumwa.

Jambo la pili ni taka, na hili limenikosesha usingizi. Mwezi wa Julai punda dume wa jirani yangu aliacha kula. Punda hupiga kelele kwa mengi, lakini akiumwa hunyamaza. Huyu alisimama kivulini, anageuza shingo kutazama ubavu wake, kisha analala na kujigaragaza. Daktari wa mifugo alipofika alikuwa ameshachelewa. Mwenyewe aliruhusu apasuliwe ili tujue. Ndani ya utumbo mlikuwa na bonge lililosokotana: vipande vya plastiki, uzi wa gunia, kitambaa cha leso na kipande cha wavu wa kuvulia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kweli mji umesafika kuliko zamani, lakini vifungashio, magunia na nyavu zingali jaani, na punda akifunguliwa jioni bila majani hukimbilia jaani. Nawaomba wanachama, na majirani wa wanachama: mabaki ya chakula yasifungwe ndani ya plastiki. Yamwagwe wazi. Punda anafuata ganda la ndizi, na plastiki inaingia pamoja nalo.

Nashukuru kuwa mji huu una kliniki ya punda tangu mwaka 1987, iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Kazi yetu si kushindana nayo. Sisi ni watu wa mtaani. Tunamjua mwenye punda, tunamjua mkewe, tunajua lini ana pesa na lini hana. Tukimuona punda anachechemea, tunamshawishi mwenyewe ampeleke mapema. Juu ya pepopunda, bado wako wanaodhani ni jina tu. Ugonjwa huu unaingia kwa kidonda chenye uchafu, unamkaza punda taya asile, na humpata binadamu pia. Mwenye punda akichomwa na msumari gatini, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Lazima niseme pia tulipokosea. Siku yetu kubwa ya dawa ya minyoo na kukata kwato haikufana. Tuliipanga bila kuwauliza wachukuzi, ikaangukia siku ambayo majahazi matatu yalikuwa yanashusha mizigo. Nani ataacha kibarua cha siku ili punda wake akatwe kwato? Kosa lilikuwa la kamati, na kwanza ni langu. Tangu hapo hatupangi siku bila mzee wa wachukuzi kukaa kikaoni.

Mnaniuliza sana kuhusu ngozi. Kuanzia mwaka 2016 nchi hii ilikuwa na machinjio ya punda yaliyopewa leseni, nayo yalifika manne, ngozi zikipelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 nchini, ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Punda hubeba mimba mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, basi akichinjwa haraka hakuna wa kujaza pengo. Serikali ilipiga marufuku Februari 2020, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Mwezi Februari mwaka huu tunaoujadili, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa waliafikiana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nililia niliposikia habari hiyo, sioni haya kusema. Sisi wa kisiwani bahari imetusitiri, lakini ndugu zetu wa bara wameamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa na punda hayupo, na mama wa nyumba hiyo ndiye aliyebeba maji kichwani tangu siku hiyo.

Madrasa mbili zimetukaribisha kuzungumza na watoto. Ustadhi mmoja aliwasomea Surat An-Nahl, aya ya 7 na ya 8, zinazotaja wanyama wa kubeba mizigo na punda, kisha akawatoa nje wamshike punda masikio kwa upole. Watoto waliuliza pia kuhusu paka wa mitaani. Akawasimulia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Wiki iliyofuata mabakuli ya maji yakaanza kuonekana kwenye baraza.

Fedha zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, nami siongezi neno ila hili: michango ya mwezi isipokuja, kina mama wa Matondoni hawalipwi, na sogi za nailoni zinarudi mgongoni. Wenye deni wanajijua, na mweka hazina ni mtu mstaarabu, hatawataja.

Siku ya dawa ya minyoo tutaifanya kabla ya Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, siku ambayo wachukuzi wenyewe wameichagua. Atakayekuja na punda wake, aje na sogi yake pia. Tutaipindua kwanza.