Langar si hoteli ya bure wala sadaka ya maskini

Kwa Mhariri,

Kila msimu wa likizo, barabara ya Nairobi kwenda Mombasa inapojaa magari, magazeti huandika tena habari za "hekalu la Wahindi pale Makindu linalowagawia maskini chakula cha bure". Chakula hicho hutolewa kwenye langar, jiko la pamoja la nyumba hiyo ya ibada, nami naomba nafasi niisahihishe kauli hiyo. Sina haja ya kubishania majina, ila anayeingia pale na picha hiyo kichwani hukosea karibu kila hatua, tangu mlangoni hadi anapoinuka kwenye chakula.

Pale ni gurdwara, nyumba ya ibada ya Makalasinga, ambao wenyewe hujiita Sikh. Dini yao haitokani na Uhindu wala si tawi la Uislamu. Ilianza Punjab, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya India na Pakistan, kwa mafundisho ya Guru (yaani mwalimu wa kiroho) Nanak aliyezaliwa mwaka 1469. Walimfuata Maguru wengine tisa. Wa mwisho, Guru Gobind Singh, kabla ya kufariki mwaka 1708 aliagiza kwamba hapatakuwa tena na Guru mwanadamu. Guru atakuwa kitabu, Guru Granth Sahib. Ndiyo maana ndani hukuti sanamu yoyote. Utakuta kitabu cha kurasa 1430 kimewekwa juu ya jukwaa chini ya chandarua cha kitambaa, na nyuma yake ameketi mtu anayekipungia usinga. Alfajiri hufunguliwa kwa sala, na usiku hufungwa na kubebwa kichwani hadi kwenye chumba chake cha kupumzikia. Mgeni akishaelewa kwamba kwa wenyeji hicho ni mfalme aliyeketi barazani, hatahitaji kuelezwa kwa nini hageuzi mgongo mbele yake wala hanyooshi miguu kuelekea alipo.

Makindu yenyewe haikupata gurdwara kwa bahati. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, ililetewa mafundi na vibarua wengi kutoka Punjab, na Makindu ilikuwa stesheni kwenye njia hiyo. Jengo la ibada lilijengwa mwaka 1926. Tangu enzi hizo msafiri akiona mlingoti mrefu uliovikwa kitambaa cha rangi ya zafarani au buluu, wenye bendera kileleni, anajua hapo pana chakula na hata mahali pa kulala.

Sasa mlangoni. Viatu huvuliwa na mikono hunawiwa. Kichwa lazima kifunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Mtandio unatosha, na leso pia. Kofia ya kapelo haikubaliki. Asiye na kitu atakuta kikapu cha vitambaa karibu na rafu za viatu. Kunja kitambaa kiwe pembe tatu, weka upande mrefu kwenye paji la uso, kisha funga ncha mbili kisogoni juu ya ile ncha ya tatu. Vingi ni vya nailoni na huteleza, kwa hiyo kaza fundo kabla ya kuingia, maana kitambaa kikianguka wakati umeinama itabidi uokote na kufunga upya watu wakikutazama.

Sigara, ugoro na pombe havivuki lango, hata vikiwa vimefichwa mfukoni. Aliyekwisha kunywa asiingie. Dereva mwenye miraa naye aiache garini, kwa sababu kanuni za dini hiyo zinakataa kila kilevi, na hakuna atakayekaa kukupimia kipi kinalevya zaidi.

Kwenye ukumbi wa sala, waumini hupiga magoti na kugusa sakafu kwa paji la uso, kisha huweka fedha kidogo kwenye sanduku. Mgeni halazimishwi lolote kati ya hayo. Mwislamu au Mkristo ambaye dini yake haimruhusu kusujudu mbele ya kitabu atembee taratibu hadi mbele, asimame kimya kidogo, halafu akakae chini na wenzake. Hakuna atakayemkaripia. Kinachokera ni simu inayolia na kamera inayotolewa bila kuomba ruhusa.

Kabla hujatoka utapewa karah parshad, na hapa ndipo wageni wengi hubabaika. Ni haluwa laini na ya moto, inayowekwa kiganjani. Kinga mikono miwili pamoja, usinyooshe mmoja. Kama hutaki nyingi, sema mapema upewe kidogo, kwa maana kuipokea kisha kuitupa ni dharau kubwa. Ina samli nyingi, basi uwe na karatasi ya kujipangusia. Kipimo chake ni unga wa atta (ngano isiyokobolewa), samli na sukari sawa kwa sawa, kikombe kwa kikombe, na maji vikombe viwili hadi vitatu. Sukari na maji huchemshwa kando. Unga hukaangwa ndani ya samli kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga, mpaka upate rangi ya kahawia, unukie, na samli ianze kujitenga pembeni mwa sufuria. Hapo ndipo maji yale ya sukari humiminwa yakiwa bado moto, mpishi akiwa amerudi nyuma kwa sababu hulipuka kwa mvuke, na mwiko huendelea mpaka haluwa iache kugandia sufuria. Anayeharakisha moto huunguza unga, na haluwa huwa chungu. Mwoga wa kuunguza huuacha mbichi, ukanata kwenye meno. Maji yakiwa baridi, ni madonge matupu. Wakati wa kuipika husomwa maneno ya ibada, na kabla ya kugawiwa huombewa dua na kuguswa kwa kirpani, jambia dogo la kidini. Mwislamu anayejiuliza kama ataila apime mwenyewe akijua hivi: hamna nyama, hamna pombe, na haikutolewa kwa sanamu.

Baada ya hapo ni langar, yaani jiko na sehemu ya kulia, na hapa kosa la magazeti linaonekana waziwazi. Langar haikuanzishwa ili kuwalisha wenye njaa, ingawa mwenye njaa hushiba. Ilianzishwa katika jamii ambamo mtu wa tabaka la juu hakuthubutu kula mstari mmoja na wa tabaka la chini. Guru Nanak aliwaketisha pamoja. Guru wa tatu, Amar Das, akaweka sharti kwamba anayetaka kumwona aketi kwanza kwenye mstari ale na wengine, na mapokeo yanasema hata Akbar, mfalme wa dola ya Mughal nchini India, alikaa chini. Kwa hiyo kukaa sakafuni si ukosefu wa meza, bali ndiyo ibada yenyewe. Waziri anapoandaliwa kiti chake pembeni, amenyimwa kile alichokijia. (Mwenye magoti mabovu ni jambo jingine. Viti vipo, na hakuna anayemwona vibaya.)

Chukua sahani ya chuma yenye vigawanyo, kaa kwenye mstari uliopo, usianzishe wako na marafiki zako. Wahudumu watapita na ndoo za dengu, mboga, wali, na pengine maziwa ya mgando au wali mtamu wa maziwa. Chapati hupokewa kwa mikono miwili iliyofunuliwa, hainyakuliwi kwenye kikapu. Usiinue sahani ikagusa upawa, kwa sababu kilichogusana na chakula cha mtu anayekula huhesabiwa kimekwisha kuliwa. Nyama, samaki na mayai havipikwi, ili asiwepo atakayekataa kuketi kwa sababu ya miiko yake. Kwa desturi wapishi hawaonji chakula kabla ya kuombewa, na ndiyo sababu siku nyingine chumvi hupungua. Usilalamike, omba achari.

Kosa baya kuliko yote ni mabaki. Wahudumu watarudi mara mbili au tatu, kwa hiyo anza na kidogo, umalize, uongezewe. Ukitosheka, funika sahani kwa kiganja au unganisha mikono miwili mbele ya kifua, na ndoo itapita. Wanaokuja na vyombo vya kufungia cha kesho wanakula sehemu ya basi litakalofika baada yao. Kule Amritsar, Punjab, kwenye Harmandir Sahib ambayo wengi huiita Hekalu la Dhahabu, jiko la namna hii hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku, usiku na mchana, na linawezekana tu kwa sababu kila mtu hula alichochukua na mikono ya kujitolea haikauki.

Mikono hiyo ndiyo malipo, kama mtu anauliza analipaje. Noti kwenye sanduku haikataliwi, lakini kinachothaminiwa zaidi ni seva, huduma ya mikono. Kumenya vitunguu saumu, kusukuma chapati, kuosha sahani, kupanga viatu mlangoni. Mtu yeyote wa dini yoyote anaruhusiwa, mradi amefunika kichwa na kunawa. Robo saa kwenye karo la kuoshea vyombo inatosha kwa msafiri mwenye safari ndefu.

Mengine ni madogo. Kilemba cha mtu usikiguse hata kwa utani. Kirpani anayovaa muumini aliyebatizwa ni alama ya wajibu wa kumlinda mnyonge, na haichomolewi kwa maonyesho. Siku za sikukuu ya Vaisakhi, tarehe 13 au 14 Aprili, na za kuzaliwa Guru Nanak, ambazo kwa kawaida huangukia Novemba mwezi ukiwa mpevu, ukumbi hufurika. Huenda ukakuta kitabu kinasomwa mfululizo tangu mwanzo hadi mwisho kwa saa 48 hivi, wasomaji wakipokezana. Ingia kimya, toka kimya, usisubiri hotuba.

Nawaomba waandishi wenu waandike "gurdwara" badala ya "hekalu la Wahindi", na neno "maskini" waliondoe kabisa kwenye habari za langar. Na kama mtatuma mpiga picha Makindu, mwambieni ale kwanza.

Mhudumu wa kujitolea,
Nairobi