Siku niliyopewa jembe Würzburg

Würzburg, Ujerumani
Jumapili jioni, Julai

Mama Kulwa mpendwa,

Salaam nyingi kutoka huku ugenini. Mimi mzima, na natumaini nanyi hapo Mwanza hamjambo, na pacha wanaendelea vyema. Mara tatu nimeanza kukuandikia kwenye simu nikafuta. Haya yanataka barua.

Unajua mji wetu na huu ni marafiki tangu 1966, na ndiyo njia tuliyojia sisi walimu. Tulipofika Jumatano usiku tuligawanywa, kila mmoja na familia yake. Mimi nimepokewa na baba na mama wa makamo, binti yao wa sekondari, na bibi mzaa mama, mwenye miaka 80 na ushee.

Siku mbili za kwanza nililala na njaa. Mama mwenye nyumba ananiuliza, "Nikuongeze?" nami, kwa adabu tuliyolelewa nayo, najibu, "Asante, nimeshiba," nikingoja anisihi. Hanisihi. Sahani inaondoka. Kumbe kwao kumshurutisha mgeni ndiko kumvunjia heshima, ulichosema ndicho. Ijumaa usiku nilimweleza binti. Akaenda kumwambia mama yake, na mama akaja kunishika mikono, machozi yakimlengalenga. Tangu hapo naulizwa mara mbili, na mara ya pili nakubali.

Lakini nililotaka hasa kukusimulia ni la jana. Kila nilipogusa sahani ili nioshe, walininyang'anya: wewe mgeni, pumzika. Kukaa mikono mapajani huku nyumba nzima inahangaika kunanichosha kuliko kulima, wewe unanijua. Jana asubuhi bibi alinikuta nimesimama tu mlangoni. Akanitazama, akaingia stoo, akatoka na uma mkubwa wa chuma wenye meno manne, ule wanaoukanyaga kwa mguu kupindua udongo. Akanikabidhi. Nikamwomba binti amtafsirie: kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akanipiga begani kwa furaha.

Shamba lenyewe haliko nyumbani. Watu wa mjini hukodi vipande vya bustani vilivyopangwa pamoja, kila kimoja na ua na kibanda chake, na sheria yao inataka kipande kisizidi mita za mraba 400. Tulichimba viazi. Bibi haachi hata kile cha ukubwa wa gololi. Hupapasa udongo kwa vidole mpaka akipate. Nikamwambia hivyo vidogo tuviache. Akaketi juu ya ndoo, akaanza kusimulia, binti akitafsiri polepole.

Alikuwa mtoto mdogo tarehe 16 Machi 1945, ndege za Uingereza zilipoudondoshea mji huu mabomu kwa dakika kama 20. Watu wapatao 5,000 walikufa, na katikati ya mji karibu kote kukawa majivu. Anakumbuka mkono wa mama yake ukimvuta, na joto. Baada ya hapo ikaja njaa, na penye udongo wowote mama yake alipanda viazi. Nilirudi kwenye tuta nililokwisha kulipita, nikalipapasa upya. Nilipata vinne.

Ndipo nikaona maboga yametambaa mpaka kwenye ua, na bibi anakata machipukizi yanayozidi na kuyatupa kwenye shimo la mboji. Majani ya maboga, Mama Kulwa! Laini, ya kwanza kabisa! Nikamshika mkono. Tulirudi nyumbani na kapu limejaa, nikawafundisha kumenya zile nyuzi, nikayapika na nyanya, kitunguu na siagi ya karanga ya dukani. Unga wa sembe hakuna, nikasonga kwa unga wa mahindi ya njano. Tulilia nje, saa tatu usiku, mwanga bado upo. Bibi alikula kwa mkono, akaongeza mara mbili bila kuulizwa.

Sasa ameagiza tupike tena Jumanne, na jirani zake wa bustani wanakuja. Tafadhali muulize mama yako magadi anatia kiasi gani, maana yangu yaligeuka rangi, yake hubaki kijani. Magadi huku sijayaona. Nitajaribu soda ya kuokea. Bibi anauliza pia kama maua nayo huliwa. Nijibu kabla ya Jumanne.

Wasalimie wote. Pacha wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi,
mwenzako wa kwaya