Video za mechi za mtandaoni zipewe majina yanayosomeka

Mhariri,

Mashindano mengi ya eFootball, gemu ya soka, ya kwenye simu huendeshwa kwa makundi ya WhatsApp, na matokeo yakibishaniwa, video ya mechi ndiyo shahidi. Sasa mwamuzi akiletewa faili inayoitwa VID-20250309-WA0012.mp4, pamoja na nyingine kumi za sura hiyohiyo, hana budi kuzifungua mojamoja. Mchezaji hakulitunga jina hilo. WhatsApp ndiyo huibatiza faili upya ikitumwa kama video, na tarehe iliyomo si lazima iwe ya mechi. Tena huibana picha mpaka namba za ubaoni zinafifia. Itumwe kama dokumenti, itafika na jina lake na ubora wake.

Waandaaji waweke kanuni moja ya majina kabla ya raundi ya kwanza. Napendekeza hii:

2025-03-09_2015_efootball_r2_chui-kobe_3-1.mp4

Mwaka utangulie, kisha mwezi, kisha siku, kwa sababu majina hupangwa kuanzia kushoto. Ukianza na siku, mechi ya 02-11 itakaa juu ya ile ya 09-03 ingawa ilichezwa karibu miezi minane baadaye. Saa ziwe za kompyuta: saa 2:15 usiku iandikwe 2015. Anayeandika 0215 kwa mazoea yetu ya Kiswahili ameipeleka mechi hiyo saa nane na robo za usiku wa manane, kabla ya mechi zote za siku hiyo. Nukta mbili (:) na mkwaju (/) visitumike, Windows haivikubali katika jina la faili. Mwenyeji atajwe kwanza na mabao yafuate mpangilio huohuo, la sivyo 3-1 haimwambii mtu lolote. Zikipigwa penalti, 2-2p4-3 inatosha.

Kila mechi iwe na rekodi yake. Simu inayorekodi kwa megabiti 8 kwa sekunde hula megabaiti 60 kila dakika, hivyo mechi ya dakika 15 ni kama 900. Anayeiacha irekodi mfululizo kwa saa moja na robo atapata faili ya zaidi ya gigabaiti 4, na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haitaipokea hata ikiwa na nafasi tele.

Wa kwenye kompyuta wana mtego wao: riplei. Riplei si video. Ni kumbukumbu ya mambo yaliyotokea, ambayo gemu yenyewe huyacheza upya. Ndiyo maana faili yake ni ndogo, na ndiyo maana hufa gemu ikisasishwa. Za gemu ya League of Legends, zinazoishia na .rofl, kwa kawaida hazifunguki pachi (sasisho la gemu) ikibadilika, na pachi huja takriban kila wiki mbili. Kwa hiyo jina la riplei liongezwe namba ya toleo, na yenye rufaa ichezwe na kurekodiwa kuwa video kabla toleo jipya halijashuka. Kufuta .rofl na kuandika .mp4 hakuigeuzi kuwa video, ingawa wapo wanaojaribu. Katika gemu ya Warcraft III ya zamani mechi ya mwisho huhifadhiwa kwa jina LastReplay.w3g, na inayofuata huandikwa juu yake. Hiyo ipewe jina lingine kabla ya kuanza mechi mpya, si kesho yake.

Kipande cha goli kichukue jina lilelile la mechi, na dakika iongezwe mwishoni: _dk67. Video nzima isikatwe wala kuhaririwa mpaka muda wa rufaa upite. Na mwamuzi akiletewa "fainali_mpya_ya_kweli2.mp4", kanuni imruhusu kuirudisha bila kuifungua.

Mwamuzi wa mechi za mtandaoni,
Dar es Salaam