Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu: anza na kitufe cha "Thibitisha"

Mheshimiwa Gavana,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kuhusu kanuni za fedha zilizogatuliwa, yaani huduma za fedha zinazoendeshwa na programu za kompyuta bila benki katikati, ambazo wengi tunaziita DeFi. Mijadala mingi hukwama palepale: zipigwe marufuku, au ziachwe zijiendee? Majibu yote mawili yanamsahau mtu ninayemtetea hapa, yaani mwenye simu na akiba ndogo, asiyejua kusoma msimbo wa programu na asiyestahili kulazimishwa kuujua.

Tazama kinachomkuta. Anataka kubadilisha tokeni chache, yaani sarafu za kidijitali, kwa nyingine. Anaunganisha pochi yake, yaani programu ya kutunzia tokeni, na tovuti, na kabla ya kubadilisha chochote anaombwa atoe kibali ili mkataba erevu (programu inayotekeleza masharti yenyewe) uweze kuchukua tokeni zake. Anachobadilisha ni kidogo, ila kibali anachoombwa mara nyingi hakina kikomo. Kwenye baadhi ya pochi huonekana kama namba ya tarakimu 78 inayoanza na 115792, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuingia kwenye nafasi hiyo. Chini yake kuna kitufe cha "Thibitisha". Anabonyeza, kwa kuwa asipobonyeza hakuna kinachoendelea. Shughuli inakwisha baada ya muda mfupi, lakini kibali kinabaki hai mpaka akifute mwenyewe, na kukifuta nako kuna ada. Siku mkataba ule ukikutwa na kasoro, tokeni zake zote za aina ile zinaweza kuondoka bila yeye kuulizwa tena.

Mambo haya yameshatokea. Desemba 2021 wadukuzi walipenyeza msimbo kwenye tovuti ya BadgerDAO, mradi mmoja wa DeFi, wakawafanya watumiaji watoe vibali wasivyovielewa, na takriban dola milioni 120 zikachukuliwa. Mikataba yenyewe haikuvunjwa. Kilichochezewa ni ukurasa ambao mtu anautazama na kuuamini. Februari 2025 soko la sarafu za kripto la Bybit, lenye wataalamu wake, lilipoteza takriban dola bilioni 1.5 kwa sababu waliosaini muamala walionyeshwa kitu kimoja huku saini zao zikiidhinisha kingine. Ikiwa hao walisaini wasichokiona, kwa nini tumlaumu mtu wa kawaida kwamba hakuwa makini?

Ndiyo maana nakuomba kanuni zianzie kwenye kitufe hicho. Msimbo ulioko kwenye blokucheni, yaani daftari la miamala linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, huwezi kuupelekea barua ya wito, lakini kampuni inayotengeneza pochi au kuendesha tovuti ina ofisi na ina mapato, na inaweza kuwajibishwa. Ilazimishwe kumweleza mtumiaji, kwa lugha anayoisoma, ni nani anapewa kibali, cha kiasi gani na mpaka lini. Kibali kiishie kwenye kiasi cha muamala husika, na anayetaka zaidi achague mwenyewe akiwa anajua. Kiufundi hili halina ugumu. Tangu Ethereum, blokucheni inayobeba sehemu kubwa ya DeFi, ilipoboreshwa Mei 2025, katika mabadiliko yanayoitwa Pectra, akaunti ya kawaida inaweza kufunga kibali na ubadilishaji ndani ya muamala mmoja. Teknolojia ipo tayari, ila kampuni nyingi hazina haraka kwa kuwa hakuna anayezibana.

Nakusihi pia usiguse haki ya mtu kushika ufunguo wake mwenyewe, yaani namba ya siri inayotawala pochi yake. Najua kuna wanaokushauri kwamba salama ni kuwapeleka wote kwenye kampuni za kuwatunzia. Celsius ilizuia wateja kutoa fedha zao Juni 2022, na Novemba mwaka huohuo FTX ikafilisika. Zote mbili zilikuwa kampuni za kawaida zilizoshika mali za watu. Katika miezi hiyohiyo miradi ya DeFi ya Uniswap na Aave iliendelea kufanya kazi kwa masharti ambayo yeyote angeweza kuyakagua, na aliyekuwa na ufunguo wake hakusubiri mahakama ya ufilisi ili apate kilicho chake.

Hata hivyo sitaki kuipamba DeFi. Wanaosema itawakopesha wasiokopesheka wanatia chumvi. Mikopo yake mingi hudai dhamana kubwa kuliko mkopo wenyewe, kwa hiyo asiye na kitu bado haimfai. Ninachokiona cha maana leo ni kutuma na kutunza thamani. Takwimu za Benki ya Dunia zinaonyesha kuwa kutuma fedha nje ya nchi bado hugharimu kwa wastani kama asilimia 6 ya kiasi kinachotumwa, ilhali lengo la kimataifa ni kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Pengo hilo linatoka kwenye jasho la wahamiaji. Sarafu zilizofungamanishwa na dola zinaweza kulipunguza, ila akiba inayozibeba lazima ikaguliwe. Machi 2023 USDC, mojawapo ya sarafu hizo, ilishuka chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa zimekwama kwenye Silicon Valley Bank, benki ya Marekani iliyoanguka.

Jambo linalonikera zaidi ni ugatuzi kugeuzwa kichaka cha kujifichia. Mradi wa sarafu wa Terra uliwavuta watu kwa riba ya karibu asilimia 20 kupitia Anchor, huduma yake ya kuweka akiba, na Mei 2022 makumi ya mabilioni ya dola yakayeyuka ndani ya siku chache. Kanuni za Umoja wa Ulaya, MiCA, zinaziacha nje huduma zilizogatuliwa kikamilifu, zisizo na mtu wa kati. Naafiki wazo hilo, mradi madai yapimwe. Kila mradi unaoalika akiba za watu useme hadharani ni nani ana ufunguo wa kubadilisha mkataba au kusimamisha utoaji, na mabadiliko yatatangazwa siku ngapi kabla. Ukikuta watu watatu wanaweza kubadilisha kila kitu usiku mmoja, hiyo ni kampuni, na ibebe wajibu wa kampuni.

Mheshimiwa, rasimu itakapokuwa tayari, itoeni kwa lugha ambayo watumiaji wanaisoma, na mtupe muda wa kutosha wa kuijibu. Benki na kampuni za kripto zina mawakili wa kuzisemea. Sisi tunaobonyeza vitufe tunaomba siku yetu ya kusikilizwa kabla hujaisaini.

Wako mwaminifu,
Mtumiaji wa pochi ya kidijitali