Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: binti wa kidato cha nne anaambiwa "akizaa itaisha"

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni mama wa binti wa miaka 17, alivunja ungo akiwa na 12. Tangu hapo anaweza kukaa miezi minne hajaona siku zake, halafu zikija zinatoka wiki mbili mfululizo. Kidevuni anaota ndevu kabisa, kule bweni anaamka alfajiri anyoe na wembe wenzake wasimuone, na shingo imekuwa nyeusi mpaka matroni akamwambia hajui kuoga. Likizo moja nikamkuta bafuni anaisugua na dodoki, damu inatoka.

Zahanati wakampima mimba, sawa, hicho kipimo lazima, ila wakaishia hapohapo. Hospitali nyingine wakampiga ultrasaundi wakasema ana uvimbe kwenye mayai. Kwingine ndo hiyo, akiolewa akazaa itaisha. Mheshimiwa huyu ni mwanafunzi! Nimenunua mpaka dawa za kusafisha kizazi zile za mtandaoni.

Mwaka jana tu ndo tukapata daktari aliyemuuliza anahesabu siku zake au hahesabu, akaangalia kidevu na shingo, akachukua damu kucheki thairoidi (tezi ya shingoni) na prolaktini (homoni ya maziwa) asije akachanganya na ugonjwa mwingine, akasema hii ni PCOS, yaani homoni zimevurugika, za kiume zimezidi, na ovari hazitoi yai kila mwezi kama inavyotakiwa. Shingo ile sio uchafu jamani, ni insulini, ile homoni inayoshusha sukari, haifanyi kazi vizuri mwilini, na ndo maana hawa mabinti wanahitaji kuangaliwa sukari mapema.

Na ultrasaundi tuliyolipia haikuwa na maana, kwa sababu msichana ambaye haijapita miaka 8 tangu avunje ungo anaweza kuonekana na vifuko vingi kwenye ovari na ni mzima kabisa. Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unasema hivyo hivyo, kwa mabinti vinatakiwa vitu viwili kwa pamoja, hedhi iliyovurugika na homoni za kiume kuzidi. Mwaka wa kwanza kuruka ruka ni kawaida, ila ikipita miaka 3 na bado mzunguko unazidi siku 35, hapo aangaliwe. Mwenye dalili moja asibandikwe ugonjwa, afuatiliwe.

Sasa kuanza kushuku hapo kumehitaji mashine gani? Kalenda na macho. Naomba wizara itoe karatasi moja tu ya Kiswahili, ibandikwe kila zahanati, na matroni wa shule za bweni wapewe pia, maana wao ndo wanaiona ile shingo kabla yetu sisi wazazi.