Barua kwa Shangazi: Yule Mwigizaji Niliyekuwa Nikimsifu

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya London tu ndiyo inayonitoa machozi. Babu mwambie fedha ya dawa nimetuma.

Simu ilikatika kabla sijakueleza yule mwigizaji ni nani. Anaitwa Glenda Jackson. Alifariki Juni 2023, ana miaka 87.

Nimemjua kupitia kazi yangu hii ya kutunza wazee. Mwenzangu wa zamu ya usiku ndiye aliyenisisitiza nitazame Elizabeth Is Missing, filamu ya BBC ya 2019. Humo ni bibi mwenye ugonjwa wa kusahau, anamtafuta rafiki yake, huku akili inamrudisha kwa dada yake aliyepotea zamani baada ya vita. Vikaratasi vya kujikumbusha vimemjaa mifukoni. Shangazi, wengi wakiigiza ugonjwa huu hulegea, wakawa wapole wa kuhurumiwa. Huyu mkali! Anafoka kwa sababu anajua kuna jambo analijua, ila halishikiki. Ndivyo walivyo wazee wangu saa nane za usiku. Walimpa BAFTA, tuzo kubwa ya filamu na televisheni ya huku Uingereza. Ingekuwa mimi ningempa mbili.

Basi nikaanza kumfuatilia. Kumbe ni mtoto wa fundi mwashi, kazaliwa 1936 Birkenhead, ng'ambo ya mto ukiwa Liverpool. Aliuza kwenye duka la dawa miaka miwili kabla ya kuingia chuo cha uigizaji, RADA. Oscar anazo mbili, na hata moja hakwenda kuipokea mwenyewe. Alipomwigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza kwenye televisheni, 1971, alinyoa nywele za mbele ili paji la uso lifanane.

Halafu akaacha yote. 1992 akagombea ubunge kwa chama cha Labour, akashinda, akakaa bungeni hadi 2015. Hapa kuna jambo hutalipenda. Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu wa chama pinzani cha Conservative, alipofariki 2013, wabunge wanatoa rambirambi, yeye akasimama akaeleza madhara ya utawala ule, upande wa pili wakimzomea. Sisi tumelelewa kwamba marehemu hasemwi. Hotuba nimeisikiliza yote. Nilitamani angengoja wiki mbili, lakini kunyamaza kabisa, hapana.

Sasa sikiliza. 2016, ana miaka 80, jukwaa hajalikanyaga zaidi ya miaka ishirini, akarudi Old Vic, ukumbi wa maigizo wa hapa London, kuigiza Mfalme Lear wa Shakespeare. Mfalme mwenyewe! Wewe uliyetuchezesha Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, ukampa msichana nafasi ya Shailoki wazazi wakanung'unika, wewe ndiye wa kunielewa. Wala haikuwa ya kumwonea huruma ajuza: 2018 akachukua Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani kule New York, kwa mchezo mwingine, na 2019 akamrudia Lear, safari hii Broadway, kwenye kumbi kubwa za huko huko New York.

Kaka akija mwezi ujao, mwambie akutafutie The Great Escaper, filamu yake ya mwisho, na Michael Caine. Ilitoka Oktoba 2023, mwenyewe ameshafariki. Mwambie aweke maandishi chini, maana wazee wa huku wanameza maneno. Ukimaliza nipigie, hata kama ni usiku, niko zamu.

Mwanao,
London