Divai mpya na vijagi vya watoto

Swahiba yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, shida ni mvua tu. Uliniuliza nashughulika na nini hata simu za usiku sipokei. Ni Wagiriki wa kale, shoga yangu! Nimenaswa na sikukuu yao moja pale Athens, Anthesteria, iliyofanyika mnamo Februari, baridi ikianza kulegea na maua ya kwanza yakichomoza. Ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza walifungua mitungi ya divai iliyokaa tangu mavuno ya vuli, wakammiminia kwanza Dionysos, mungu wao wa divai, ndipo wakaonja.

Najua wewe na divai hamkutani, ila hebu sikia siku ya pili. Kila mtu na jagi lake la lita tatu na ushei; tarumbeta ikilia wanashindana kunywa, kimya kimya, hakuna kupokezana chombo. Wenyewe walisimulia kwamba Orestes, mtu wa hadithi zao za kale, alifika Athens akiwa amemuua mama yake. Mfalme hakutaka kumfukuza mgeni, wala hakutaka watu washirikiane naye chombo, akaamuru kila mmoja apewe jagi lake. Mgeni asijue kama ametengwa! Huyo mfalme alijua kukaa na watu.

Na katikati ya ulevi huo waliamini roho za wafu zimeingia mjini. Basi ili kujikinga wanatafuna majani ya mti wa miiba, wanapaka lami milangoni, mahekalu karibu yote yanafungwa. Siku ya tatu wanapika chungu cha nafaka na mbegu za kila aina kwa ajili ya Hermes, mungu wao anayesindikiza roho kuzimu, halafu roho zinaambiwa zitoke, sikukuu imekwisha.

Lakini kilichonishika mimi ni watoto. Mtoto wa mwaka wa tatu alivikwa taji la maua siku ile ya pili, ya majagi. Kuna vijagi vidogo vilivyochorwa watoto wenyewe: huyu anatambaa, yule anavuta kigari, kifuani kamba ya hirizi kama za kwetu. Vingine vimefukuliwa kwenye makaburi ya watoto, na wapo wataalamu wanaodhani waliwekewa wale waliokufa kabla sikukuu yao haijawafikia. Hapo nilifunga kitabu kwanza.

Ukija baada ya Idi nitakuonyesha picha zake. Msalimie shemeji, mwambie zile tende alizoniahidi bado nazisubiri.

Wako,
Mwanaidi